Hadithi za mashabiki zinanoa usomaji, ila kwa sharti

Mkuu, umeuliza kama kuchukua wahusika wa mwandishi mwingine na kuwatungia hadithi yako kunamnoa msomaji, au ni kupoteza muda tu. Mimi kumeninoa kuliko uchambuzi wowote wa darasani, ila kwa sharti moja: usipingane na maandishi ya asili. Ukijiruhusu kugeuza lolote, kitabuni utarudi kutafuta nini?

Niliwahi kuandika kisa cha Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, kwa mdomo wa Bi. Hudson, mama mwenye nyumba anayopanga Holmes. Nilipoanza, nikakuta mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, hasemi karibu chochote kumhusu mama huyo. Ikabidi nipekue kila anapotajwa, hadi nikafika kwenye kisa cha 1903 ambamo Holmes anarejea baada ya kudhaniwa amekufa. Anaweka sanamu yake ya nta dirishani ili kumnasa muuaji mwenye bunduki ya upepo. Nani anaigeuza sanamu kila robo saa ionekane ni mtu? Bi. Hudson, tena kwa kupiga magoti. Risasi inatoboa kichwa cha sanamu, yeye anaiokota kwenye zulia na kumkabidhi Holmes. Anapongezwa kidogo, kisha wanaume wanaendelea na maongezi yao.

Nilikuwa nimelipita tukio hilo mara nyingi bila kujiuliza mbona hatumwoni akifanya kazi hiyo ya hatari. Jibu ni kwamba msimulizi ni Watson, rafiki wa Holmes, na Watson kajificha na Holmes kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara. Anachokiona ni kivuli dirishani. Sasa mimi niliyekuwa chumbani na Bi. Hudson nilitakiwa kuamua: aliambiwa kuhusu bunduki, au alipewa maelekezo tu? Mazungumzo yao yanagusia tahadhari, basi. Kama aliambiwa, Holmes anamwamini. Kama alifichwa, Holmes anamtumia. Hapo unarudi kusoma anavyoongea naye kwingine kote, neno kwa neno.

(Na huyo Watson, jeraha lake la vita liko begani kwenye kitabu cha 1887, halafu kwenye cha 1890 limehamia mguuni! Msomaji anaweza kupita tu. Anayemwandika lazima aamue kama anachechemea.)

Zile hadithi zinazoazima majina tu kisha wahusika wakawa watu wengine kabisa ni burudani nzuri, ila sidhani zinamfundisha mtu kusoma.

Ukitaka kujaribu, chagua mhusika anayefungua mlango na kutoweka. Andika tukio moja tu, kwa macho yake, halafu mpe mtu anayekijua kitabu akuoneshe palipopishana. Kama unaogopa hakimiliki, anza na hizi za Holmes: mwandishi alifariki 1930, na hata Marekani visa vya mwisho vilikuwa huru kufikia 2023.