Miti Tuliyoipanda Juni

Nimefundisha jiografia katika shule ya sekondari mkoani Dodoma kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba wanafunzi wangu wanayaelewa maendeleo endelevu kwa kuwa waliweza kuyafasili, kwa Kiingereza safi, kama Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ilivyoyafasili mwaka 1987: kukidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Mashimo ndiyo yaliyonitoa katika imani hiyo.

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulipanda miche ya mwarobaini mbele ya mgeni rasmi. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, hivyo tulikuwa tukipanda kiangazi kinapoanza, na ilipofika Oktoba yalibaki mashimo matupu, ambayo mwaka uliofuata tuliyatia miche mingine. Siku moja, tukichora grafu ya mvua ya mkoa wetu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliuliza kwa nini basi tunapanda Juni. Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo ratiba inavyosema.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba kumwagilia miche ile kulikuwa adhabu ya wachelewaji. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilikusudia kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo; sisi tuliigeuza kuwa fimbo, kisha tukashangaa vijana wanapouchukia mti.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, namshauri yeyote aliye katika mikoa yenye msimu kama wetu ahamishie upandaji Januari, shule zinapofunguliwa, na kila mkondo ukabidhiwe miti yake pamoja na daftari la kumbukumbu. Wanafunzi wenyewe waamue maji yatatoka wapi. Wangu walichagua maji ya kusuuzia vyombo vya jikoni, jambo ambalo mimi sikuliwaza. Mjadala uendeshwe kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, maana asiyeweza kumweleza mama yake nyumbani kwa nini gunia la mkaa linazidi kupanda bei amekariri tu.

Tarehe 5 Juni sasa tunaitumia kuhesabu miti iliyo hai. Mwaka wa kwanza, kati ya miti 40 ilipona 27, na katika safu ya sababu za vifo wanafunzi waliandika mchwa, mbuzi na, kwa mti mmoja, pikipiki ya mwalimu. Pikipiki hiyo ni yangu.