Jibu: Je, ukubwa wa nchi unaonyesha uendelevu wa mazingira?

Ndugu, umeuliza kama eneo la nchi linatosha kuonyesha uendelevu wa mazingira yake. Peke yake, hapana. Uganda yetu ina kilomita za mraba kama 241,000, ila ukitoa maziwa na vinamasi, nchi kavu ni kama 200,000, na sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Gabon inatuzidi eneo kidogo tu, lakini watu wake hawafiki milioni 3 na karibu yote ni msitu.

Mimi ningeuliza ardhi yenyewe inafanya kazi gani. Shuka kwenye kinamasi cha Nakivubo hapa Kampala: mfereji unaleta maji machafu ya jiji, mafunjo yanayachuja kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndiko yanakovutwa maji ya bomba tunayokunywa (ndiyo, hayohayo!). Sasa mafunjo yamefyekwa wapande magimbi, kwingine kumemwagwa kifusi wajenge. Kwenye ramani eneo halijapungua hata hatua moja. Kilichopungua ni mchujo.

Kwenye utafiti wako, usitegemee eneo peke yake, bali uangalie msitu, ardhi yenye rutuba na ardhioevu kwa kila mtu.