Chanjo ya Lazima na Siasa: Majibu kwa Wasomaji

Maradhi hayaulizi kadi ya chama. Vipi basi Marekani chanjo ya lazima ikawa ugomvi wa vyama? (Msomaji, Wete)

Kwa sababu kinachogombewa zaidi ni mamlaka ya anayeamuru, kuliko sindano yenyewe. Wahafidhina wengi wa Republican huona kwamba serikali kuu inapomlazimisha mfanyakazi kuchanjwa imevuka mpaka wake, ilhali wengi wa Democrat huliona jambo hilo kuwa ni haki ya jirani ya kukingwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilizigusa pande zote mbili Januari 2022, pale ilipolizuia agizo la utawala wa Joe Biden lililotaka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi wahakikishe kila mmoja amechanjwa dhidi ya korona au anapimwa kila wiki, na siku hiyo hiyo ikaliruhusu agizo lililowahusu wahudumu wa afya.

Ina maana wanaopinga ni wahafidhina siku zote? (Msomaji, Fuoni)

Hapana. England ililazimisha chanjo ya ndui kwa watoto wachanga mwaka 1853, na waliojaa barabarani Leicester kuipinga mwaka 1885 walikuwemo wafanyakazi wengi waliochoshwa na faini. Mwaka 1898 sheria ikamruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamiri.

Na sisi Zanzibar, itikadi ina nafasi gani? (Msomaji, Chake Chake)

Ndogo kuliko tunavyodhani. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za korona. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia, mzaliwa wa hapa Zanzibar, akachanjwa mbele ya kamera. Chama kilikuwa kile kile na ilani ile ile, ila sauti ilibadilika, na chanjo yenyewe ikabaki kuwa ya hiari. Kwetu mtu huangalia kwanza nani anasema.

Barazani kwetu yupo mzee ambaye wakati ule hakutaka hata kulisikia neno chanjo. Ulipofika mwaka wake wa Hijja alikunja mkono wa kanzu bila ya kuambiwa mara mbili, akachomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa na Saudi Arabia angalau siku 10 kabla ya kuwasili, na cheti akakifunga katika mfuko wa nailoni pamoja na pasi yake. Nilipomkumbusha maneno yake alinijibu kuwa hii ni ya safari. (Sikumbishia, alikuwa ananiachia kahawa.)

Anayekataa atozwe faini? (Msomaji, Micheweni)

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilimtoza mkaazi wake Henning Jacobson dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui, na mwaka 1905 Mahakama ya Juu ikaliunga mkono. Kwa raia wa kawaida mimi nisingeanza na faini, ningeanza na sheha na daktari wa kituo cha afya kukaa na watu na kujibu maswali yao. Kwa muuguzi wa wodini ningekubali sharti, maana mgonjwa hamchagui wa kumhudumia.