Anti, diari niandike mara ngapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni nesi, nafanya sana zamu za usiku. Mwezi wa kwanza nilinunua kaunta buku nikajiapiza nitaandika diari kila siku, nikaandika siku 9 mfululizo, ya 10 nikatoka zamu hoi nikalala, kuamka nina deni la siku 2, mara likawa la wiki, sasa hivi ipo chini ya godoro hata kuigusa naona aibu. Je ni lazima kila siku au mara ngapi inatosha?
Nesi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na zamu. Kilichokushinda sio kuandika, ni hilo deni, maana diari umeigeuza rejesta ya mahudhurio, siku hujaandika unajiona mtoro. Lifute lote leo. Usirudi nyuma kujazia, fungua ukurasa mpya weka tarehe ya leo uendelee.

Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake Amsterdam, Uholanzi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, diari yake inasomwa dunia nzima na wala hakuandika kila siku, kaandika tarehe 21 Julai 1944 halafu kimya mpaka tarehe 1 Agosti, ndo ikawa ya mwisho, siku 3 baadae wakakamatwa. Nani leo anamdai zile siku za katikati?

Kwa mtu wa zamu mimi nasema mara 2 kwa wiki, na uifunge kwenye kitu ambacho unakifanya tayari, mfano siku ya ofu umeshafua unasubiri nguo zikauke, hapo hapo. Na sio lazima ukurasa, mistari 3 inatosha. Daftari langu moja la zamani lina siku imeandikwa hivi tu: "Mvua. Umeme hamna tangu jana. Mama kapiga anauliza ule mchele umefika." Mama hayupo tena na hiyo simu siikumbuki kabisa, ila nikifika hapo kwenye mchele namsikia.

Kuandika kila siku kuweke kwa ajili ya kipindi umebeba kitu kizito, labda umempoteza mgonjwa. Mwaka 1986 kule Marekani watafiti wa saikolojia, Pennebaker na Beall, waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, na wale walioandika yaliyowaumiza na walivyojisikia, miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Lakini sikia, wakimaliza tu kuandika walikuwa na huzuni zaidi, kwa hiyo usiandike dakika za mwisho kabla ya kuingia zamu, andika ukiwa nyumbani una mtu wa kuongea nae, na jina la mgonjwa usiliandike kabisa hata kama daftari unalificha.