Rangi inabanduka kwenye fremu za alumini? Geuza ganda lake kwanza

Ndugu wa Section 58 hapo Nakuru anauliza kwa nini rangi ya mafuta aliyopakiwa kwenye fremu za kahawia za alumini inabanduka hata mwaka haujaisha, na kama kuna prima, yaani koti la kwanza la chini, ya kuishika. Mwingine akadakia kuhusu herufi za bango zinazodondoka kwenye paneli. Mimi ni fundi wa madirisha na mabango, niko Kisumu. Nitajibu yote mawili kwa pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja.

Kabla hujanunua chochote, okota ganda lililobanduka, uligeuze. Mgongo wake ukiwa laini na unang'aa, rangi haikuwahi kushika. Ililala tu juu ya fremu. Ukipitisha kidole ukakuta unga wa rangi ya zamani, basi rangi yako ilishika unga, na unga ndio ulioachia. Hii utaiona zaidi upande unaopigwa na jua la mchana, ambako koti la kiwandani limechakaa. Ukikuta michirizi inayonata, hiyo ni gundi ya ile nailoni ya kulinda fremu: haikutolewa mapema, jua likaioka pale pale. Kila moja ina dawa yake, lakini ukienda hadiwea kuuliza utauziwa kopo lile lile.

Halafu ujue fremu yako imevaa nini, kwa sababu kahawia huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni anodaizi. Hapo alumini ilitumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme mpaka ngozi yake yenyewe ikanenepa, mara nyingi maikromita (elfu moja za milimita) 5 hadi 25, kisha vitundu vyake vikazibwa. Ya pili ni rangi ya unga, inayorushwa ikiwa na chaji ya umeme na kuokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Hiyo ni nene zaidi, kama maikromita 60 hadi 80. Chukua wembe ukwaruze mahali pasipoonekana, karibu na bawaba. Rangi ya unga itatoa kinyuzi kilichojikunja. Anodaizi itaufanya wembe uteleze, kwa kuwa ngozi ile ni oksidi ya alumini, kitu kile kile kinachotiwa kwenye msasa. Na kama una mita ya umeme, iweke kwenye mlio, gusisha ncha zake mbili taratibu bila kukwaruza: ikilia, hiyo ni alumini tupu, ikinyamaza, kuna koti.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaopendekeza prima ya asidi kwa kila kitu. Prima hiyo ni nzuri sana kwa alumini tupu, maana asidi yake ya fosforiki inahitaji metali ya kung'ata. Juu ya rangi ya unga haina cha kung'ata. Wala usikubali kuambiwa ukwangue koti lote la kiwandani mpaka metali ionekane. Koti lililookwa ambalo bado limeshika ndilo msingi bora utakaoupata, bora kuliko chochote tutakachopaka kwa brashi. Ondoa pale tu palipofura au palipoanza kutoa unga mweupe wa kutu ya alumini.

Kazi yenyewe iko kwenye usafi na msasa. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Kisha futa kwa spiriti, au alkoholi ya aisopropili ambayo mafundi wa simu husafishia bodi, ukiwa na vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kulegeza mafuta, kingine kikavu cha kuyazoa kabla spiriti haijaruka. Ukitumia kimoja tu, unayasambaza. Fanya hivi kabla ya msasa, si baada yake tu, kwa sababu ukianza na msasa unayasaga mafuta na kuyaingiza kwenye mikwaruzo. Piga msasa namba 320 mpaka mng'ao wote ufe, hasa kwenye kona na kando ya mpira wa kioo, kwani hapo ndipo ganda huanza kuinuka. Usitumie waya wa chuma. Chembe zake hubaki na kuanzisha kutu. Futa tena.

Sasa mwagia maji safi kidogo. Yakitandaa na kubaki utando mmoja, uko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta au nta, rudia. Kipimo hiki ni cha bure na sijaona kinachokishinda.

Ikikauka kabisa paka siku hiyo hiyo: prima ya epoksi ya makopo mawili (rangi na hadina, dawa ya kuikaza, unayochanganya nayo), koti jembamba, kisha rangi ya poliurethani, nayo ya makopo mawili. Epoksi pekee usiiache juani, huchujuka na kuwa unga. Pima hadina kama kopo linavyosema. Ukitumia bomba la kupulizia, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke; ile ya karatasi haizuii mvuke wa hadina, na mvuke huo huharibu mapafu. Usipake alfajiri, kwa sababu fremu hupoa usiku na kushika umande usiouona, wala saa saba mchana metali ikiwa inachoma mkono. Kakamega mvua ya alasiri hupenda kuingilia, kwa hiyo hakikisha umemaliza koti kabla ya saa sita.

Kuhusu herufi. Kuna duka la dawa Kondele, hapa Kisumu, ambalo herufi zake za akriliki, plastiki ngumu kama kioo, zilianguka wakati wa joto. Niliigeuza moja: gundi yote ilikuwa imebaki mgongoni mwa herufi, laini kabisa, na paneli ilikuwa safi kama haijawahi kuguswa. Mwenye duka akaniambia paneli ilikuwa inafutwa kila wiki kwa ile dawa ya kung'arisha dashibodi ya gari. Dawa za namna hiyo nyingi zina silikoni, na juu ya silikoni hapashiki rangi wala gundi.

Kulikuwa na tatizo la pili. Alumini hutanuka milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Akriliki hutanuka kama mara tatu ya hapo. Kati ya usiku wa baridi na jua la mchana, tofauti ya nyuzi 40 juu ya metali ni jambo la kawaida, kwa hiyo kipande cha mita moja cha akriliki kitaipita alumini kwa karibu milimita 2. Supa gluu ni ngumu, haifuati mwendo huo, inakatika. Tumia gundi ya poliurethani inayobaki kama mpira, uiachie unene wa milimita 2 au 3, na ushikilie herufi kwa vipande vya tepu ya pande mbili mpaka ikauke. Ukichagua silikoni, iwe ile isiyonuka siki. Paneli za nje zilizopakwa PVDF, plastiki ya ukoo wa Teflon, mimi sizigandishi kwa gundi peke yake. Natoboa na kupiga riveti, tundu likiwa kubwa kidogo kuliko riveti ili akriliki ipate nafasi ya kutanuka.

Ndugu wa Section 58, anza na dirisha moja la choo. Rangi ikikaa wiki nzima, chora kwa wembe mistari 6 kwenda na 6 kukatiza, ukiacha milimita 2 kati yake, bandika selotepu ngumu, ivute kwa nguvu. Ukiona vimiraba vimetoka, weka hapa picha ya mgongo wa selotepu pamoja na jibu la ule wembe wa karibu na bawaba, tuone ni tabaka gani limeachia.