Ncha ya Sindano Uione Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Ganzi ya Sehemu

Barua nyingi wiki hii zimetoka kwa madaktari chipukizi, mbili kwa wananchi. Nimezichanganya makusudi. Mgonjwa naye ana haki ya kujua anayemdunga alifundishwaje.

Mimi ni daktari mwanagenzi, Kakamega. Nimependa kazi ya ganzi, hasa bloki, yaani sindano za kutia ganzi mkono au mguu peke yake. Nianzie wapi?

Hongera. Maliza kwanza mwaka wako wa uanagenzi, kisha usomee ubingwa wa ganzi kwa jumla: Chuo Kikuu cha Nairobi, au kupitia CANECSA, chuo cha madaktari wa ganzi cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho wanafunzi wake husomea hospitalini. Ubobezi wa bloki huja juu ya huo. Wengine huenda ng'ambo mwaka mmoja. Wengine hufanya mtihani wa Ulaya uitwao EDRA, wa kuandika na wa mdomo. Lakini anatomia ya mkono usiingoje ubingwa. Ianze leo jioni.

Mimi ni klinikal ofisa wa ganzi, Siaya. Sindano ya mgongo naifanya kila siku kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Sasa tumeletewa mashine ya ultrasaundi. Nijifunzeje bila kuumiza watu?

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu umelileta kabla ya kumgusa mtu.

Nenda buchari ukanunue kipande kinene cha nyama ya ng'ombe, mwombe muuzaji akuachie kano ndani. Kiweke mezani, paka jeli, shika kichwa cha mashine kwa mkono mmoja na sindano kwa mwingine. Kwenye skrini kano itang'aa kama uzi mweupe. Ichukulie kuwa ndiyo neva yako, mshipa wa fahamu unaotaka kuutia ganzi. Sasa ingiza sindano ukiifuata mpaka ncha yake ikae kando ya uzi bila kuugusa. Mara ya kwanza utaona shina la sindano uamini umeona ncha, kumbe ncha imekwishapita. Kosa hilo tumelifanya sote, na heri likufike kwenye nyama. Sheria ni moja: ikipotea, mkono unasimama. Tikisa kichwa cha mashine polepole, itafute, ndipo uendelee.

Rudia jioni nyingi, halafu tafuta mwalimu asimame begani pako kwa wagonjwa wa mwanzo. Hili silegezi. Kuhusu bloki za kuanza nazo, mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza na Marekani walipendekeza 7 za msingi: ya shingoni kwa ajili ya bega, ya kwapa, ya neva kubwa ya paja, ya ndani ya paja juu ya goti, ya nyuma ya goti, ya kando ya uti wa mgongo na ya ukuta wa tumbo. Ningekuwa wewe ningeanza na ya paja. Neva haiko mbali na ngozi, ateri iko pale pale kukuonyesha njia, na majeruhi wa bodaboda waliovunjika paja wanaihitaji sana, hata kabla ya kuhamishwa kitanda.

Mwanangu ameanguka na pikipiki hapa Nakuru, mkono umevunjika. Wanasema watautia ganzi mkono tu, na atakayemdunga bado anasoma. Nikatae?

Pole sana, mama. Kuutia ganzi mkono peke yake ni njia nzuri: anapumua mwenyewe, na maumivu hubaki mbali kwa saa kadhaa baada ya upasuaji. Kuhusu anayesoma, uliza swali moja: "Daktari mkubwa atakuwa pale mezani wakati wa sindano?" Wakisema ndiyo, mimi ningekubali hata kwa mtoto wangu. Wakisema yuko nyumbani atapigiwa simu, una haki ya kusema angojwe. Na kabla ya sindano, mwanao aonyeshe mwenyewe mkono uliovunjika, wautie alama.

Nasoma udaktari Maseno. Sumu ya dawa ya ganzi hutokea kweli, au ni ya vitabuni?

Hutokea. Nikiwa mwanafunzi, mgonjwa wangu aliacha kunisimulia habari za shamba lake, akalamba midomo akasema, "Daktari, naonja chuma." Nilikuwa nimebakiza nusu sirinji, mkono wangu ukitaka kumaliza. Mwalimu wangu alinishika kifundo cha mkono. Tulisimama hapo, tukampa oksijeni, mgonjwa akatulia. Dakika moja zaidi huenda ingekuwa degedege, au moyo kusimama.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuvuta dawa. Bupivakeni, dawa ya ganzi tunayoitumia, usipite miligramu 2 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 ni miligramu 120, yaani mililita 24 za asilimia 0.5. Vuta nyuma uone kama kuna damu, toa kidogo kidogo, na ongea naye muda wote. Mafuta ya mishipani ya asilimia 20, ndiyo tiba ya sumu hiyo, yawe chumbani, si stoo iliyofungwa: mililita 1.5 kwa kilo, kwa huyo huyo ni 90 za kuanzia. Hospitali isiyo nayo isifanye bloki kubwa. Najua kauli hii itawaudhi wengine.

Nilijifungua kwa upasuaji Kisumu. Siku ya pili kichwa kiliniuma vibaya nikikaa, nikilala kinapoa. Na mgongo je, sindano imeniharibu?

Dada, kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala mara nyingi ni maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye kitundu cha sindano. Sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli hupunguza sana tatizo hili. Kwa wengi hupona ndani ya siku chache. Kikikataa, kuna tiba ya kuziba kwa damu yako mwenyewe. Mgongo wa miaka mingi hausababishwi na sindano hiyo. Ujauzito na kubeba mtoto ndio huuchosha. Lakini ukipata homa, shingo kukakamaa, kuona mawili mawili au miguu kulegea, usingoje kesho. Rudi leo, uwaambie ulidungwa mgongoni siku gani.