Sindano ndani ya mfuko wa taka

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya usafi kwenye zahanati moja huku Igombe. Wiki tatu zilizopita nilikuwa napeleka mfuko wa taka shimoni, sindano ikatokeza ikanichoma pajani. Mwenzangu alinikamua damu, akanimwagia dawa ya madoa. Sikumwambia mganga, maana mimi si muuguzi, na niliogopa kibarua kuota nyasi. Sasa silali. Nimechelewa?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa dawa kinga ya VVU, ndiyo, umechelewa. Huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Nakwambia wazi ili mwenzako akichomwa kesho asisubiri kukuche.

Lakini usijizike ungali hai. Katika watu 1,000 waliochomwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, bila dawa, takribani 3 ndio huambukizwa, na hiyo yako hatujui hata ilimchoma nani. Nenda kapime sasa, urudie wiki ya sita na mwezi wa tatu tangu siku ile. Mpaka hapo, tumieni kondomu nyumbani.

Mimi nahofia zaidi homa ya ini B. Kwa asiyechanjwa, sindano yenye virusi hivyo yaweza kuambukiza hadi watu 30 katika 100, na virusi hukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Omba kipimo, ukiwa huna virusi hivyo, chanjwa dozi zote 3, usiishie ya kwanza.

Mwaka 1993 nami nilijichoma nikirudishia kifuniko cha sindano. Dawa kinga hatukuwa nayo. Miezi mitatu nikivuka na kivuko cha Kamanga kwenda kazini, sikumwambia hata mume wangu. Usipite njia hiyo peke yako.

Kukamua na dawa ya madoa, acheni kabisa: maji yanayotiririka na sabuni, basi.

Na kosa si lako. Aliyechoma sindano ndiye anayepaswa kuitumbukiza mwenyewe kwenye boksi la usalama, bila kurudishia kifuniko, na boksi hufungwa likijaa robo tatu. Mfagizi naye anastahili dawa kinga, chanjo, glovu nene na buti kama anavyostahili muuguzi. Nenda kwa mganga mfawidhi na barua hii, umwombe akuandike kwenye daftari la ajali kazini, leo hii.